Mtani Asiyekombolewa

Asubuhi ile kompyuta ya steshenari ilimkaribisha Serafina kwa jina la marehemu.

Hakushtuka sana. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ile ya kipande kimoja ambayo mashine yote imejificha mgongoni mwa kioo, na jana yake ilishinda ikijisasisha, kiduara kinazunguka na wateja wanasonya mlangoni. Alipoiwasha akaona maandishi meupe, "Karibu tena, Harithi," akajisemea kwamba mashine na wazee ni ndugu, ukiwabadilishia mambo ghafla wanarudi kwenye ya zamani. Akavuta kiti akakaa. Kabla hajagusa kibodi, taa ndogo ya kamera ikawaka juu ya kioo, ikamtazama usoni, na mashine ikafunguka yenyewe.

Nje pikipiki ilizimwa, kisha akasikia sauti anayoisikia kila asubuhi.

"Sera, upo?"

"Nipo."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Seleman hakuwahi kuvuka kizingiti bila kuuliza, hata kama amemwona tangu barabarani, na Serafina hakuwahi kufikiri kabla ya kujibu. Neno lilitoka lenyewe, kama mkono unavyofukuza nzi.

Steshenari yao ilikuwa jirani na soko la Nachingwea. Walitoa fotokopi, wakapiga picha za paspoti, wakachapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi za watu ambao nusu yao waliachana kabla wino haujakauka vizuri. Aliyeifungua ni Mzee Harithi, Mmwera wa Nkowe. Serafina, Mmakua wa Ruponda, alikuwa mchapaji wake tangu mwanzo. Seleman aliletwa baadaye, mtoto wa dada yake Mzee, hajui hata upande gani wa karatasi unaingia kwenye printa, na Serafina ndiye aliyemshika mkono mpaka akawa mtu kazini. Kwa kuwa Wamwera na Wamakua wa pale walikuwa watani, waliitana mtani, wakatukanana kutwa nzima, na mchana wakala sahani moja. Kama kuna mtu Serafina angemwachia ufunguo wa nyumba yake bila kuuliza mara mbili, alikuwa huyo.

Mzee Harithi alikufa mwanzo wa masika akazikwa kwao Nkowe. Na msiba wa huku hauendi bila watani, kwa hiyo Serafina alifanya kazi yake. Watu wamekaa kimya baada ya maziko, yeye akatoka chumbani kwa marehemu amevaa kofia yake nyeupe na miwani yake iliyofungwa uzi, akaketi kwenye kiti chake cha kukunja, akakohoa kikohozi chake. Mzee alikatwa kidole cha shahada na panga tangu ujana, kipanya alikibonyeza kwa kidole cha kati. Serafina akanyoosha kidole cha kati, akabonyeza hewani, akasema kwa sauti ya puani, "Baadaye. Baadaye." Waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao, maana kila aliyewahi kuingia steshenari aliijua tabia ile. Mashine ikiomba kusasishwa, Mzee hubonyeza Baadaye. Kila asubuhi, miaka yote.

"Mzee Harithi, upo?" wanawake wakaita kutoka jikoni.

"Nipo," akaitika Serafina, na kicheko kikafika barabarani.

Utani wa msibani una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mtani akishachukua vitu vya marehemu hatoki navyo hivihivi. Wafiwa humkomboa, humpa kuku, au kipande cha sabuni kama hali ni ngumu, naye huvua mbele za watu na kutaja jina lake mwenyewe, mchezo ukaisha. Wa kumkomboa alikuwa mpwa, yaani Seleman. Seleman alicheka kama wengine, akamwambia, "Mtani, kuku wako yupo Nachingwea, nitakupa huko." Serafina akarudi na vitu kwenye mkoba. Kofia akaitundika kwenye msumari ukutani, nyuma ya kompyuta, miwani akaiweka kwenye mtoto wa meza. Kuku hakuja, na nani anadai kuku wa utani?

Ikafika arobaini. Siku hiyo mpwa hukalishwa mbele ya ukoo akapewa kofia na jina la mjomba, awe yeye. Seleman hakwenda. Alituma ujumbe kwamba tumbo linamsokota, na Serafina, mjinga wa mapenzi ya kindugu, alimpelekea uji wa ulezi nyumbani kwake. Alimkuta amempakata mwanawe, Raudha, aliyekuwa ameanza kutamka maneno.

"Anasema baba," Seleman alimwambia, macho yamejaa machozi. "Sikia. Anasema baba."

Serafina akafurahi pamoja naye. Hakujiuliza kwa nini mtu analia kwa kuitwa baba.

Na ile siku ya kusasisha, ni Seleman aliyesema sasa Mzee hayupo, waikubalie mashine ombi lake. "Bonyeza wewe, mtani, mimi mikono ina wino." Serafina akabonyeza Sasa.

Basi mambo yakaanza polepole, kama yanavyoanza.

Kompyuta ilimfungukia Serafina peke yake. Seleman akikaa mbele yake kamera inabaki gizani na kioo kinabaki cheusi. Akikaa Serafina, taa inawaka, "Karibu tena, Harithi." Wakaizima na kuiwasha. Wakachomoa waya, wakasubiri, wakachomeka. Serafina akaziba kamera kwa karatasi ya gundi, akakaa, na mashine ikamkaribisha vilevile. Akaandika jina lake ili alisajili upya. Likapigiwa mstari mwekundu chini, kama neno lisilojulikana, na alipotazama mashine inampendekezea nini badala yake, lilikuwa neno moja tu. Harithi.

"Apdeti hizi," akasema Seleman nyuma yake, sauti ndogo. "Zinaleta mambo mengi."

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya ganda la korosho linaloungua, ile inayowasha koo na kutoa machozi, na mikorosho ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua, hakuna mtu anayekaanga korosho Nachingwea nzima. Ilitoka kwenye matundu ya mgongoni mwa kompyuta, saa za jua la utosi, wanaume wakiwa msikitini na soko limelala. Na saa hizohizo printa ilianza kuvuta karatasi bila kuamriwa, ikizitoa nyeupe moja baada ya nyingine, vuguvugu, zikinuka moshi.

Mteja wa kwanza kukosea alikuwa mwalimu mmoja aliyeleta mitihani ya kurudufu. "Mzee, utamaliza saa ngapi?" aliuliza bila kuinua kichwa, kisha akainua, akacheka, akaomba radhi. Wa pili hakuomba radhi. Wiki iliyofuata muuza mihogo wa mlangoni, mama aliyemjua Serafina tangu anavaa sare ya shule, alimwamkia shikamoo.

Serafina aliudhika, kisha akaogopa, na hofu yenyewe ilimjia mkononi. Alikuwa anarekebisha kadi ya ubatizo wakati macho yake yalipoangukia kipanya. Alikuwa anakibonyeza kwa kidole cha kati. Akakiondoa, akaweka cha shahada, na kidole kile kikawa kimekufa ganzi, kimelala juu ya kipanya kama si cha kwake.

Jioni mama yake akapiga simu kutoka Ruponda. Bi Rozalia hana mtoto mwingine, na kila Jumamosi baada ya rozari humpigia.

"Nani mwenzangu?" mama akauliza.

"Mama, wewe ndiye umepiga. Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Serafina."

Upande wa pili kuku wakasikika wakiingia bandani. "Serafina," mama akasema taratibu, kama mtu anayeonja mboga ya kigeni. Kisha akashusha pumzi. "Ah, mwanangu. Simu hizi zinabadilisha sauti. Nimedhani mwanamume."

Serafina alilia usiku ule, na asubuhi akamwambia Seleman waite fundi. Seleman akasema fundi wa nini, itatulia yenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Serafina hakumsikiliza.

Fundi Abubakary alikuja kutoka Ruangwa na mfuko wake wa bisibisi. Ni mtu mzima, mwenye ndevu, mwepesi wa dharau kwa watu wanaosema kompyuta imerogwa. Akasikiliza, akacheka kidogo, akasema sasisho limegombana na mashine ya zamani, atalirudisha toleo la nyuma na mambo yataisha. Akaingia kwenye mipangilio. Mashine ikamuuliza kwa maandishi meupe: "Harithi, una uhakika?" Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Baadaye. Fundi akapeleka mkono kwenye kipanya, lakini mkono wa Serafina ulishafika. Kidole cha kati kikabonyeza Baadaye.

"Mama, usiguse," fundi akasema.

"Sijagusa," akajibu Serafina, na sauti iliyotoka ilikuwa ya puani.

Fundi akaacha kucheka. Akafomati diski yote, akafuta kila kilichomo, akaweka mfumo mpya kutoka kwenye flashi yake mwenyewe. Ilipomaliza kujizima na kujiwasha, ikasema "Karibu tena, Harithi." Akafungua mgongo wa kompyuta, akatoa diski, akaiweka mezani mbele ya macho ya wote watatu, akaiwasha mashine ikiwa tupu kama debe. Wakati huo umeme wa mtaa mzima ukakatika, feni ikasimama, redio ya kinyozi wa jirani ikanyamaza katikati ya tangazo, na katika kimya kile, bila diski na bila umeme, kioo kikawaka polepole, harufu ya ganda la korosho ikajaa chumba, na kutoka kwenye spika ndogo zilizokuwa zimeharibika siku nyingi kikasikika kikohozi, kikavu, cha mzee anayesafisha koo kabla ya kuita mtu.

Kikohozi kikarudia, kwa karibu zaidi.

Abubakary alianza kukusanya bisibisi zake. Moja ikaanguka chini, hakuinama kuiokota. "Mimi natibu mashine," akasema kwa kunong'ona. "Nimeifuta yote, haina jina la mtu yeyote. Huyo anayewasalimia hakai humu ndani, anapitia humu tu. Nendeni Nkowe kwa Bi Sabaha, yule mganga. Na wewe ndugu," akamtazama Seleman, "kwa nini wewe huogopi kama sisi?"

Seleman akasema anaogopa. Serafina akamtetea, akasema kila mtu ana namna yake ya kuogopa. Naam, alimtetea.

Wakaenda Nkowe kwa pikipiki ya Seleman. Kompyuta waliifunga kwenye kanga, Serafina akaipakata katikati, baina ya kifua chake na mgongo wa Seleman, na kofia na miwani vikawa kwenye mkoba. Barabara ilikuwa kavu na mikorosho ya pande zote ilikuwa imepigwa dawa ya salfa, vumbi lake la njano limetulia juu ya majani. Njia nzima kompyuta ilikuwa ya moto. Haikuwa imechomekwa popote, lakini Serafina aliihisi tumboni, ikipumua kwa feni yake, inaongeza kasi kwenye milima na kupunguza kwenye mteremko, na kila walipopita nyumba za watu aliona wazee waliokaa barazani wakiinua mikono kumpungia, wazee asiowajua, wakimpungia kama wanavyompungia mtu wa kwao anayerudi nyumbani.

"Seleman," akasema sikioni mwake. "Tusirudi bila kuliondoa hili. Mama yangu ameanza kunisahau."

"Hatutarudi nalo, mtani," Seleman akajibu bila kugeuka.

Bi Sabaha walimkuta uani anapepeta ufuta. Mwanamke mnene, mpole, mwenye jicho moja lililoingia mtoto wa jicho. Alimwitikia Seleman shikamoo yake, akawatandikia mkeka, kisha akaendelea kumtazama kijana huyo kwa muda ambao haukuwa wa heshima.

"Kijana, mbona umerudi?" akauliza.

Serafina akageuka. "Karudi? Aliwahi kuja hapa?"

Seleman akatazama chini. Bi Sabaha akaweka ungo pembeni. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Alikuja kabla ya arobaini ya mjomba wake. Akaniuliza kama jini la ukoo laweza kumkubali mtu asiye wa ukoo. Nikamwambia haliangalii damu. Linaangalia aliyevaa kofia na kuitika jina, akaachwa hivyo bila kukombolewa, kisha akaliambia njoo kwa mkono wake. Nilidhani anauliza ili ajihadhari." Akamgeukia Serafina. "Harithi si jina la mjomba wake, mwanangu. Ni la hilo jini. Linavaliwa. Mali linaleta, wateja hawakauki, lakini anayelivaa jina lake linaliwa. Wewe umefanya kazi na yule mzee miaka yote. Alipokuwa mtoto aliitwa nani?"

Serafina hakujua. Wala hakuwahi kumsikia dada yake Mzee, mama mzazi wa Seleman, akimwita kwa jina jingine ila Mzee. Alikumbuka jinsi yule babu alivyokuwa akikaa peke yake mbele ya kompyuta asubuhi, kabla ya wateja, anabonyeza Baadaye na kufuta jasho usoni, na wao wawili walivyokuwa wakimcheka.

"Alikuwa analizuia," akasema.

"Kila siku. Lilitaka kuingia lote, yeye analiambia baadaye. Halafu wewe ukaliambia sasa."

Serafina akamgeukia Seleman. "Mikono ilikuwa na wino," akasema. "Ulisema mikono ina wino."

"Mtani."

"Usiniite mtani. Nilikuletea uji, Seleman. Nimekufundisha kazi. Tumbo halikuwa linauma."

"Nilikuwa naogopa," Seleman akasema, machozi yanamtoka. "Nilidhani labda halitakushika, wewe Mkristo. Nilidhani litapotea tu njiani. Nisamehe. Leo nitakukomboa, wallahi, ndiyo maana nimekuleta."

Na mimi ninayewasimulia nasema hivi: pengine wakati anayasema alikuwa anayaamini. Waoga wengi husema kweli mpaka zamu yao ifike.

Bi Sabaha akaona bado kuna njia. Akakamata kuku wake mwenyewe bandani, akampa Seleman, maana mwenye haja alikuja mikono mitupu hata siku hiyo. Akaifungua kompyuta kwenye kanga, akaiweka katikati ya mkeka, kioo kikiwatazama. Akafukiza ubani. Akamvisha Serafina kofia na miwani, kama siku ya msiba.

"Sikilizeni," akasema. "Jua likifika utosini litaita. Seleman, kabla halijaita umpe kuku wake, umvue kofia na miwani, uvae wewe. Likiita Harithi, uitike wewe mwenye haki. Wewe mwanangu funga mdomo. Usiitike jina lolote, hata la kwako, mpaka yeye awe ameshaitika. Ndipo utaje jina lako na uende kwa mama yako."

"Na mimi nitakuwaje?" Seleman akauliza.

"Utakuwa mrithi wa mjomba wako. Utaliambia baadaye kila asubuhi, kama alivyofanya yeye."

"Na mtoto wangu?"

Bi Sabaha akaongeza ubani kwenye makaa.

Wakasubiri. Kivuli cha mgomba kikajivuta mpaka kikaingia chini ya mti wenyewe. Kuku wa uani waliacha kuchakura, wakasimama mguu mmoja. Seleman akampa Serafina kuku mikononi, akamvua miwani akaivaa, akamvua kofia, akabaki nayo ameishika kwa vidole vya mikono yote miwili, na Serafina alipopigwa na upepo kwenye nywele alihisi kitu kimelegea kifuani, akafunga macho, akajisemea jina lake kimoyomoyo, Serafina wa Rozalia wa Ruponda, mara moja na nyingine, na kila aliporudia lilikuwa jepesi zaidi kutamka. Alimsamehe Seleman pale pale. Ndivyo alivyokuwa.

Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. Harufu ya ganda la korosho ikafunika ubani. Kikohozi.

"Harithi, upo?"

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu aliyesimama mlangoni, mwenye subira, anayejua kwamba ndani kuna watu. Seleman hakuitika.

"Harithi, upo?"

Bi Sabaha akamfinya Seleman pajani. Seleman akafungua mdomo, ukatoka mvuke tu wa pumzi. Serafina, macho bado yamefumbwa, alimsikia akihema, akasikia goti lake likisogea kwenye mkeka, akasikia ubavuni pake joto la mtu aliyekula naye sahani moja miaka yote ile, na ile sauti ya kwenye kioo ikaita kwa mara ya tatu, sasa kwa uchungu, kama mzazi anayeita gizani, "Harithi, upo?" na kabla mwangwi haujaisha akahisi kitambaa cha kofia kikitua taratibu juu ya nywele zake, kwa mikono laini kabisa, na mdomo ukaja karibu na sikio lake, ukauliza kwa upole, kama asubuhi zote zilizopita.

"Sera, upo?"

"Nipo."

Neno lilitoka lenyewe.

Feni ikasimama. Harufu ikaondoka kana kwamba imefungiwa mlango. Kwenye kioo kukawa na maandishi meupe, "Sasisho limekamilika," kisha yakafutika.

Bi Sabaha alikuwa amejishika kichwa. "Umefanya nini wewe," alikuwa anasema, chini kwa chini. "Umemfanya nini mwenzio."

Seleman akapiga magoti mbele ya Serafina, miwani ya mjomba imemwangukia kwenye pua. "Nina mtoto," akasema. "Ndiyo kwanza ananiita baba. Nisamehe," na akatafuta kumwita, midomo ikahangaika, macho yakazunguka yakitafuta neno alilolitamka sasa hivi tu. Hakulipata. Akainamisha kichwa. "Nisamehe, mzee," akamaliza.

Steshenari ipo mpaka leo. Kompyuta imepona kabisa, inafunguka haraka, inamkaribisha Seleman kwa jina lake Seleman, na wateja wamejaa mpaka nje. Kila asubuhi anaingia na kuwasha taa. Hajawahi tena kuuliza mlangoni kama kuna mtu ndani.

Siku ile ile Serafina alidandia bodaboda mpaka Ruponda. Dereva alimwambia, "Mzee, shika vizuri, njia ina mashimo." Hakubishana naye. Alikuwa na nguvu moja tu, ya kufika kwa mama yake, na aliamini, kama mtu yeyote angeamini, kwamba aliyemzaa ataona.

Bi Rozalia alikuwa amekaa nje ya nyumba anapukuchua mbaazi. Alipomwona mgeni anaingia uani alifuta mikono kwenye kitenge, akasimama kwa shida, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

Serafina alitaka kulia, kusema mama, ni mimi, acha. "Marahaba," ikajibu sauti ya puani.

"Karibu kiti. Umetoka mbali, umejaa vumbi."

"Nimetoka Nachingwea."

"Nachingwea." Uso wa mama ukachangamka, na kwa nukta moja ulikuwa ule ule wa siku zote. "Ninaye binti huko. Yuko kwenye steshenari pale karibu na soko, anachapa. Mtoto mzuri, Mungu ambariki, sina mwingine. Labda mmeonana? Anaitwa..." Akatabasamu kwa aibu, mkono ukaenda kwenye paji la uso. "Mtu mzima mimi. Limekuja mpaka kwenye ulimi likarudi. Anaitwa nani vile, mwanangu yule."

Akamtazama mgeni, kana kwamba anaweza kumsaidia. Mgeni akafungua mdomo. Akalitafuta moyoni, pale alipokuwa amelirudia njia nzima, akalitafuta kwenye maji ya ubatizo na kwenye rozari ya Jumamosi na kwenye sauti ya mama akimwita aje kula, na mahali lilipokuwa hapakuwa na kitu. Mama akaendelea kusubiri amwambie.